Anza na Ukuta

Nyumbani, 6 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Sisi wazima, ila uchovu ndio umehamia kabisa, umebaki kuletewa godoro lake tu. Mwanao anatambaa sasa, na akianza kutambaa safari yake ni moja, chini ya cherehani kwenye kanyagio. Kwa hiyo nashona sare za watu mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukimzuia. Shemeji yako anashinda kwenye ujenzi wa watu na wetu umesimama palepale ulipouacha. Vyumba viwili vya mbele tunaishi, vya nyuma kuta zimefika usawa wa madirisha na juu ni mbingu.

Baba anakusalimu. Bado ananyoa, bado anasimulia. Juzi mwalimu mkuu alikwenda kupunguza nywele za pembeni tu, akatoka kipara. Baba anajitetea kwamba hadithi ilikuwa haijafika mahali pa kukata, na mkono wenye mashine haujui kukaa bure. Mwalimu anasema cha kumuuma zaidi ni kwamba mwisho wenyewe hakuusikia.

Usiniulize kwa nini naandika badala ya kupiga. Nikishika simu mtoto anaitaka, na wewe huko kituoni kupata mtandao mpaka upande kwenye tangi la maji. Karatasi haigombaniwi.

Sasa niseme lililonikalisha. Uliniambia mtafanya mazoezi ya kuongea mbele ya wenzenu, kujiandaa na ule mkutano mkubwa wa wanasayansi. Barua yako imekuja, umeniandikia mwenzako wa chumba anavyokoroma, umeniandikia paka wa jikoni kazaa, mazoezi hukuyagusa. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Mimi nimekubeba mgongoni, nakujua ukinyamaza. Yalikwendaje?

Mimi dada yako.

*

Kituoni, 21 Machi

Dada, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta na miguu yote miwili. Mwambie mwanao mama mdogo anampenda lakini kanyagio si la kuchezea. Mimi mzima. Mvua zimeanza huku na nguo hazikauki. Mbu wangu wako salama kwenye vizimba vyao, wanakula kwa ratiba kuliko mimi. Mwenzangu wa chumba ameanza kukoroma kwa sauti mpya, ya kuuliza swali, na mimi nalala nikisubiri jibu. Paka watoto wanne.

Kazi yenyewe imefika mahali pazuri. Ule mtaa wa mlimani, ambao watu wake wanaugua malaria kuliko hata wanaokaa kando ya mto, nimeshajua kwa nini. Nimeyaandika yote kwenye karatasi nilizoambatanisha hapa, ndiyo mada yangu nitakayoisoma mkutanoni. Zisome uniambie kama mtu asiye wa kwetu anaelewa.

Nikueleze na hili ulijue. Mkataba wangu unaisha katikati ya mwaka. Tuko vijana watano na kituo kina nafasi moja ya kuendelea na utafiti. Wanaochagua watakuwa wamekaa ukumbini siku hiyo. Kila mtu anapewa dakika kumi na mbili, kisha maswali. Nisipochukuliwa, mtaa ule hautapata mwingine wa kuufuatilia, maana hakuna mtu mwingine anayeujua, na mimi nitarudi nyumbani kukaa na digrii yangu kwenye bahasha.

Mazoezi tulifanya. Wengine walifanya vizuri. Kulikuwa na kengele.

Msalimie shemeji, mwambie namdai soda. Baba mwambie asinyoe walimu.

Mdogo wako.

*

Nyumbani, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Mvua hapa nayo imenyesha mpaka uani kumekuwa ziwa, mtoto alikuwa na joto kidogo, kuku wa jirani wameingia wakadonoa kitambaa cha mteja nikalazimika kukata kingine. Ndiyo maisha. Tumepumua sasa.

Karatasi zako zilifika. Nilizisoma mwenyewe kwanza na nikasinzia ukurasa wa tatu, nikajilaumu mimi na usingizi wangu wa kuibia. Nikasema hapana, hii kazi ya mdogo wangu isomwe kwa heshima. Jumapili mchana nikawakalisha wote sebuleni, Baba, shemeji yako, na jirani wa mkono wa kushoto ambaye alikuja kuomba msamaha wa kuku. Nikasimama mbele yao kama wewe. Nikasoma.

Nikuambie ukweli wangu, nilijivuna. Maneno mengine sikuyajua lakini niliyatamka kifua mbele. Tukaingia mtoni na wewe. Tukachota maji na wewe, tukayamimina kwenye sinia jeupe, tukahesabu, hakuna kitu. Tukahama upande wa pili wa mto, tukachota, hakuna kitu. Msimu ukapita. Jirani akakumbuka ameacha kitu jikoni. Shemeji yako kidevu kikashuka kifuani. Baba peke yake ndiye aliyekuwa macho, amekaa ukingoni mwa kiti, anatikisa kichwa. "Ndiyo hivyo," anasema, "mtu hapewi mwisho kabla hajakaa vizuri."

Halafu ukurasa wa mwisho kabisa, chini, karibu na shukrani, nikasoma kwamba mbu wa mtaa ule hawatoki mtoni. Wanazaliwa ndani ya kuta. Nyumba zilizoanzwa zikaachwa, matofali ya matundu, juu wazi, mvua inaingia kwenye tundu na maji yanakaa humo kimya bila mtu kuyaona.

Shemeji yako akazinduka. "Nani amesema nyumba yangu inazaa mbu?"

Nikamwambia hakuna aliyetaja nyumba yako.

"Matofali ya matundu, ukuta wa madirisha, juu wazi. Nani mwingine huyo?"

Alitoka nje akaenda kuziangalia zile kuta za nyuma kama mtu aliyesikia amesemwa. Mtoto mwenyewe aliacha kutambaa.

Mdogo wangu, umeona? Sebule nzima iliamka kwa ukuta. Na ukuta umeuweka mahali ambapo nusu ya watu wameshakwenda jikoni. Sasa na mimi niulize bila kuzunguka. Ile kengele ililia ukiwa wapi? Ililia ukiwa bado mtoni, sivyo? Ukuta hukuufikia.

Umerithi kiti cha Baba, mwenzangu. Mimi nashauri uanze na ukuta.

Dada.

*

Kituoni, 4 Mei

Dada, shikamoo.

Ndiyo. Ililia nikiwa mtoni.

Nilikuwa upande wa pili wa mto, sikuwa nimefika hata kwenye msimu wa kiangazi. Anayeshika muda ni fundi wa vifaa vya maabara, mpole kweli, aliigonga ile kengele kwa kidole kimoja kama anayeomba radhi. Nikaendelea kusoma. Akagonga tena. Mwenzangu mmoja akacheka. Mtu akauliza, "Kwa hiyo umegundua nini?" na mimi nikajibu, "Nilikuwa nakuja huko." Mpaka leo wakipishana nami ukumbini wananiuliza kama nimeshafika.

Msimamizi wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniita. Aliniambia slaidi zangu zina maandishi madogo kama ya kwenye kopo la dawa, na kwamba muda wote niliwapa watu kisogo nikiwasomea kitu wanachokiona wenyewe. Hayo nimeyakubali. Nimepunguza. Slaidi moja jambo moja, picha kubwa, namba ni zile tu nitakazozisema kwa mdomo. Hayo ni ya kurekebishika.

Lakini hili lako, dada, unalisema kirahisi kwa sababu hukai na watu hawa. Watakaokaa mstari wa mbele wamefanya kazi hii kabla sijazaliwa. Nisimame mimi, binti wa kinyozi, niwaambie tangu mlangoni kwamba wanapuliza dawa mtoni, mahali sipo? Si watasema nimetoka wapi? Mtu mstaarabu anaeleza kwanza amefanya nini, anawaongoza taratibu, wakifika wanakuwa wamefika wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa.

Na mto siwezi kuutupa. Nilikaa mtoni mwaka mzima, dada. Nilitoka ngozi ya vidole. Nilichota yale maji nikiwa na homa, nikiwa na njaa, nikiwa nimekosa kwenda kumwona mtoto wako alipozaliwa. Nikiuondoa mto, wataona nimeamka siku moja nikachungulia tofali. Nataka wajue.

Na jambo lingine, kwa kuwa tumeanza kuambiana. Wewe unanifundisha kuanza na jambo lenyewe, na joto la mtoto umelitaja katikati ya mvua na kuku. Joto gani? Joto la kiasi gani? Barua yangu ilichukua wiki nne kupata jibu. Mimi nasoma mbu, dada, nisifanywe mgeni. Na wewe umekaa kwenye kiti cha Baba, tena umekivutia karibu na dirisha.

Mdogo wako anayekupenda na aliyekasirika kidogo.

*

Nyumbani, 17 Mei

Mtoto alilazwa. Ilikuwa malaria. Amepona, anakula, amenenepa kuliko kabla, na hivi ninavyoandika anatafuna kifuniko cha kalamu.

Haya, nimeanza na ukuta wangu. Umeona inavyouma kuandika hivyo? Mkono ulitaka kukusalimia kwanza. Lakini wewe umeshapumua sasa, na haya mengine utayasoma umetulia. Marahaba, mdogo wangu.

Sikukuambia kwa sababu ungeacha kila kitu uje, na ungekuja kufanya nini, umshike mkono tu kama nilivyomshika mimi. Wodini nilikaa naye kifuani, muuguzi akaniuliza tunakaa wapi, nikamwambia, akauliza kuna mto karibu, nikasema hakuna mto. Nikajisikia mjinga, maana karatasi zako nilikuwa nimeshazisoma. Jibu lilikuwa nyumbani kwangu nyuma ya jiko.

Tulipotoka hospitali shemeji yako alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, akapanda, akamulika tundu la tofali kwa simu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Wapo. Wanacheza." Viluwiluwi, wamejaa. Siku iliyofuata hakwenda kwenye ujenzi wa watu. Alijaza mchanga matundu yote ya safu ya juu, akapiga plasta nyembamba juu yake, akaenda kwa jirani wa mkono wa kushoto, akaenda mpaka kwa yule mzee ambaye hajasalimiana naye tangu ugomvi wa mpaka. Sasa anatembea mtaani akisema, "Shemeji yangu ni mwanasayansi," kwa sauti ya mtu aliyechangia.

Sasa nikujibu. Unasema binti wa kinyozi. Kaa kimya na hilo. Wewe ndiye uliyeona, wao hawakuona. Kusema ulichokiona si kiburi, na kumzungusha mtu mwenye kazi zake ili akuone mstaarabu si heshima. Wale wazee wa mstari wa mbele wana magoti yanayouma, waambie mapema wajue wamekalia nini.

Na mto. Hapa nitakuwa mkali kidogo, nivumilie. Wale watu hawakuja kukupa pole. Wamekuja kujua mbu wanatoka wapi. Unataka waone vidole vyako, na mimi nakuelewa, ndiyo, hata mimi nikimkabidhi mteja sare natamani nimwambie niliishona na mtoto mgongoni. Simwambii. Anaangalia mshono.

Pole tutakupa sisi. Huo mto wote ulete huku, kila ndoo uliyochota, na hiyo homa, na siku mtoto alipozaliwa ukiwa na miguu majini. Mimi nitausoma wote. Kule waambie ukuta.

Jizoeze na kengele. Mwombe huyo fundi mpole.

Ngoja, amemeza kifuniko. Hapana, hakumeza. Kilikuwa shavuni.

Dada yako.

*

Kituoni, 30 Juni

Wamenichukua. Nafasi ni yangu.

Shikamoo dada. Shikamoo kwa Baba. Busu kwa mwanangu, na shemeji mwambie ile soda nimemsamehe kwa ajili ya mchanga.

Nilikasirika na barua yako siku mbili. Kisha nikaenda kwa fundi wa vifaa, nikamwomba akae na kengele yake kwenye ukumbi mtupu. Mara ya kwanza nilianza na ukuta, nikarudi mtoni bila kujijua, akagonga. Mara ya pili vilevile. Akaniambia, "Dada, miguu yako imezoea maji." Tukarudia mpaka yeye mwenyewe akawa anaweza kuisema mada yangu, na siku moja nilimkuta anamsimulia mlinzi wa geti, na mlinzi ameacha geti wazi.

Halafu nikapata wazo ambalo si lako wala la msimamizi, ni langu, naomba nilisifu. Nilikwenda mtaa wa mlimani nikaomba tofali kwenye nyumba iliyoachwa. Niliziba chini kwa zege, nikajaza maji yaleyale na viluwiluwi vyao, nikafunga wavu juu. Dereva wa kituo aliuliza kama mkutano unajengwa au umekwisha kujengwa. Siku yenyewe nililiweka mezani mbele ya ukumbi kabla watu hawajaingia. Walipokuwa wanaingia wakawa wanalitazama, wanatazamana.

Nikasimama. Sikuwapa kisogo. Nikasema, "Katika mtaa nilioufanyia kazi, mbu hawatoki mtoni. Wanatoka humu." Nikaweka mkono juu ya tofali. Dada, ukumbi ulisogea. Nilisikia viti.

Kisha nikawaeleza nimejuaje, kwa picha chache, pole pole, na mwisho nikawaambia nini cha kufanya, ambacho ni mchanga na plasta. Nilimtaja fundi ujenzi mmoja ambaye alifanya hivyo kwenye nyumba yake na za majirani. Sikusema ni shemeji yangu. Kengele ililia nikiwa nimeshasema asante.

Mto sikuutupa. Nilizificha slaidi zake nyuma ya ile ya mwisho, endapo mtu ataulizia. Na mzee mmoja wa mstari wa mbele, yule niliyekuwa namwogopa, alinyoosha mkono. "Binti, mto uliuangalia?" Nikabonyeza. Ikatoka picha ya mto na jedwali la mwaka mzima, sufuri juu ya sufuri. Nikamwambia, "Niliuangalia, mzee. Mwaka mzima." Aliitazama ile picha muda mrefu, halafu akaondoa miwani akasema hana swali lingine.

Msimamizi wangu alipita karibu nami mlangoni akasema, "Umefika." Neno hilohilo walilokuwa wananicheka nalo. Nikaenda nyuma ya stoo nikalia kidogo, kisha nikarudi kulibeba tofali langu.

Mdogo wako.

*

Nyumbani, 16 Julai

Najivunia wewe mpaka nashindwa kushona. Nimeshona mkono wa shati kwenye mfuko.

Marahaba, na marahaba ya Baba, na mwanao amesimama wima kwa kushikilia kiti, hatua bado.

Barua yako nilimpa Baba aisome mwenyewe pale kinyozini, wateja wakiwa wamejaa. Alisoma mstari wa kwanza, akasimama. Akaikunja. Nikamwambia endelea. Akasema, "Mtoto gani huyu, ananipa mwisho nikiwa bado sijavaa miwani vizuri." Lakini macho yalikuwa yamejaa. Akaingiza barua mfuko wa shati, akamgeukia mteja aliyekuwa kwenye kiti, na akaanza kumweleza. Alianzia siku ulipozaliwa. Alieleza mvua iliyonyesha siku hiyo. Nilipoondoka ulikuwa darasa la pili na yule mteja alikuwa ameshabaki na nusu ya nywele.

Shemeji yako anataka kujua ni watu wangapi walisikia habari za yule fundi ujenzi. Nimemwambia ukumbi mzima. Ameniuliza mara tatu tangu jana, na mara zote namjibu upya. Chumba cha kwanza cha nyuma kimepanda mpaka juu, anasema mwanasayansi akija likizo hawezi kulala chini ya mbingu.

Ukumbi ule ulikutosha kwa dakika zake na ukapita vizuri, basi. Wale wamepata chao. Sasa nina deni langu la kukusikiliza na sijalisahau. Baba ameshaomba barua inayofuata asomewe kwa sauti, jirani amesema atafunga jiko kabisa kabla ya kuja, na mimi nitamwomba shemeji yako amshike mtoto.

Tuandikie mto. Anza asubuhi ya kwanza, ulivaa nini, maji yalikuwa baridi kiasi gani, nani alikuonyesha njia. Nenda ng'ambo, rudi, chota. Usiruke ndoo hata moja.

Huku hakuna kengele.

Dada yako.